Taa za baiskeli: tazameni betri kabla ya jina

Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni wachukuzi wa mpakani na wauza maziwa wanaotoka nyumbani kungali giza. Kila mara huniuliza: fundi, nichukue taa ya kuchaji ya bei rahisi, au nijikaze nipate yenye jina, Cateye au Lezyne?

Mimi huwaambia waangalie kwanza kama betri inachomoka. Nyingi za bei rahisi zinatumia seli iitwayo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Unafungua kifuniko, unatoa, unaweka nyingine. Ubaya ni seli zinazokuja nazo. Seli nzuri ya saizi hiyo huishia kwenye miliampia-saa 3500 hivi (kipimo cha chaji inayobeba), lakini madukani utakuta zimeandikwa 9900! Ipime mkononi. Ya kweli ina gramu 45 hivi, feki mara nyingi ni nyepesi mno. Moja niliyoletewa ilikuwa imepasuka ganda, na ndani mlikuwa na kiseli kidogo tu, pembeni wamejaza unga mweupe. Tupa hiyo, weka seli ya kweli, taa itafanya kazi.

Zenye jina hazikudanganyi sana kuhusu mwanga, na mvua hazizisumbui. Lakini nyingi zimefungiwa betri ndani, na betri ya lithiamu huchoka hata uitunze vipi. Mtu ananiletea taa yenye kioo safi na swichi safi, nami sina la kumfanyia. Kwa mchukuzi, hiyo ni hasara.

Za Ujerumani, kama Busch & Müller, nazisifu kwa jambo moja: sheria ya kwao inataka mwanga usimpige machoni anayekuja mbele. Hizi zetu zinamwaga mwanga kila upande, mwenye bodaboda anakutukana na ana haki. Iinamishe, mwanga uangukie barabarani.

Na ukiwa na pesa ya taa moja tu ya maana, nunua ya nyuma. Mbele utajisaidia hata na tochi ya simu, lakini kwenye barabara ya Tororo trela linakufuata kwa kasi na dereva hana habari kama upo.

Wenye maduka nao waache kutuletea hizo za 9900. Taa ikizimika njiani, mteja haendi kugombana nao. Anakuja kwangu.

Fundi baiskeli,
Busia, Uganda