Mkono ule ule

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa Eliza,

Mbukwenyi! Mwandiko usiushangae. Kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi, kalamu inaniteleza kama sabuni.

Mkono wangu wa kulia unaukumbuka. Darasa la nne mwalimu akisema nyoosha kiganja, changu kinatazama ukutani, naye anaona kiburi, fimbo zinatua mgongoni mwa mkono. Wewe ndiye uliyethubutu kumwambia, "Mwalimu, hauzunguki." Ukala zako. Leo ndiyo nimejua kwa nini hauzunguki.

Ganzi ilianza usiku. Zahanati walinichoma sindano za vitamini, wakasema baridi yabisi. Majirani walishamaliza kesi: nimerogwa kwa ajili ya cherehani. Mimi, nikuibie siri, niliogopa ukoma, maana nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada imebonyea kabisa. Daktari wa mifupa hakunicheka. Alinikagua ngozi kutafuta baka lisilo na hisia, akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, akasema siyo, na hata ingekuwa ndiyo, dawa zake ni bure. Akanipa karatasi niibane kwa dole gumba, akaivuta. Dole likajikunja lenyewe, karatasi ikaenda. Fundi nguo mimi, Eliza, nashindwa kubana karatasi!

Kwenye eksirei akauliza kama niliwahi kuvunjika utotoni. Sijawahi, mama yupo, aulizwe. Akanionyesha: mifupa ya mkono wa chini ni miwili, na kichwa cha huu wa upande wa dole gumba hakikai mahali pake. Tena ni cha mviringo kama kunde, badala ya kuwa na kibonde cha kupokea mfupa wa juu. Cha kuteguka kwa kuanguka hakiwi hivyo, nimezaliwa nacho. Basi kiwiko kikakua kimeegemea nje, na ule mshipa unaopiga shoti ukijigonga ukawa unavutwa kila nikikunja mkono. Hesabu miaka niliyokunja mkono kwenye cherehani.

Mfupa wenyewe hataugusa. Atauhamisha mshipa uje mbele ya kiwiko, usivutwe tena. Kwa sasa nalala nimejifunga taulo kiwikoni ili kisikunjike, mume wangu anasema amelala na mgomba. Tena nisiegemeze kiwiko kwenye meza ya mashine, tabia yangu ya miaka yote.

Kilichonikata maini ni hiki: sehemu ya mshipa iliyokufa huota upya kama milimita 1 kwa siku. Nilirudi nyumbani nikachukua tepu, kiwiko hadi kiganja sentimita 30. Siku 300. Na nyama iliyobonyea hakuniahidi.

Panda treni uje, upasuaji ni mwezi ujao. Nina sare 14 za shule hazina vifungo, na wenye watoto wameshaanza kupita mlangoni. Uje na miwani yako.

Wako,
Yunisi