Tamthilia za Lihamba zitoke madawatini

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yakimtaja Amandina Lihamba, aghalabu hutaja uprofesa wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar, kwa hiyo sifa hizo ni za haki. Kichekesho ni kwamba humo aliigiza Samehe, mgonjwa aliyekaa miaka mingi bila kutamka neno. Mama wa jukwaa anakumbukwa kwa kunyamaza!

Kazi yake ya jukwaani ndiyo pana zaidi. Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha, aliyoitohoa kutoka kazi ya Ousmane Sembène wa Senegali. Mwaka 1982 ikafuata Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na mwaka 1992 Mkutano wa Pili wa Ndege. Katikati hapo, mwaka 1985, alipata shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho baada ya Azimio la Arusha. Miaka yote hiyo alikuwa akiigiza na kuongoza waigizaji. Mtu wa namna hiyo akiandika, anajua pumzi ya mwigizaji inakatikia wapi.

Sasa tazama tunavyozitumia tamthilia za aina hii shuleni. Mwanafunzi anakariri dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, anajibu mtihani, basi. Hajasikia hata sentensi moja ikisemwa kwa sauti. Hoja inayotolewa daima ni kwamba hakuna ukumbi wala fedha. Sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho tunasema hoja hiyo haina miguu.

Chukua Hawala ya Fedha. Kisa chenyewe ni hawala inayotoka ng'ambo, na mpokeaji hawezi kuichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Akifuata kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Nusu ya mandhari ni dirisha la karani tu: meza moja na fremu ya mbao. Kosa la kawaida ni kuiweka meza hiyo katikati ya jukwaa. Mwombaji akisimama mbele yake anawapa watazamaji mgongo, na uso wake ndio mchezo wenyewe. Iwekwe pembeni, kwa mshazari, ili nyuso za wote wawili zionekane. Hawala isiwe karatasi nyembamba, maana kuanzia safu ya tatu haionekani. Manila ya njano iliyokunjwa mara moja inatosha. Muhuri nao ugongwe juu ya ubao mtupu, bila kitambaa, mlio umfikie hata aliyesimama nyuma kabisa.

Uwanja ukiwa wa wazi, anzeni saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni mwa watazamaji. Waigizaji wataumia macho kidogo, lakini watazamaji wakipigwa na jua usoni huondoka. Upepo uvume kutoka kwa waigizaji kwenda kwa hadhira. Watoto wakae mikekani, wakubwa kwenye mabenchi nyuma yao, wengine wasimame. Ngoma isikae karibu na anayesema.

Mazoezi ya wiki sita, siku tatu kwa wiki, yanatosha. Wiki ya kwanza ni kusoma kwa sauti tu, wameketi, mpaka kila mmoja aelewe anachokitaka mhusika wake kutoka kwa mwenzake. Wakirukia kukariri kabla ya hapo, wataishia kughani kama ngonjera na kujipanga mstari kama kwaya. Nakala ya kitabu ikiwa moja, kila mwigizaji anakili kwa mkono maneno yake pamoja na maneno matatu ya mwisho ya anayemtangulia. Na hadhira ikicheka, subirini kicheko kianze kushuka ndipo mwendelee. Wanafunzi wengi husemea juu ya kicheko, na sentensi inayofuata, ambayo mara nyingi ndiyo yenye uzito, hupotea.

Upande wa pili wa kazi ya Lihamba hausikiki kabisa magazetini: sanaa za maonyesho kwa maendeleo, alizozifanya vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye Tuseme, mradi alioanzisha na Penina Mlama (ndiye Penina Muhando yule yule) mwaka 1996 ili wasichana wa sekondari wayaigize matatizo yao wenyewe. Mpangilio wa kazi hiyo ni kwanza kukaa na wenyeji na kuuliza, kisha kuchambua tatizo pamoja nao, kuchagua sanaa ya pale pale (kwa Wasukuma, kwa mfano, wigashe, ngoma ya kuketi), kuigiza, halafu kujadili. Siku hizi vikundi vingi hufika na mchezo uliotungwa mjini kwa ajili ya mfadhili, vikaigiza, vikagawa fulana na kuondoka. Hata vinavyojadili huanza na mwenyekiti wa kijiji, na akishasema mwenyekiti nani atampinga? Waanze vijana na wanawake, viongozi wafunge. Mchezo usizidi dakika 40, la sivyo magharibi itaingia kabla mjadala haujachanganya.

Tunachokuomba, Mhariri, ni safu ndogo tu katika ukurasa wako wa sanaa: mchezo gani umeonyeshwa wapi, nani kaongoza, mazoezi yalichukua siku ngapi, watazamaji walikuwa wangapi. Shule ikiandaa onyesho, muulizeni kwanza mwalimu kama ameomba ruhusa ya mwenye hakimiliki ya tamthilia, hasa kama kuna kiingilio, kisha mtumeni mwandishi akae safu ya nyuma na aandike alichokisikia.

Walimu wa sanaa za maonyesho,
Morogoro