Presha isiyoshuka kwa dawa tatu: chumvi, figo na kipokezi cha aldosteroni

Kama unameza dawa tatu za presha kila siku bila kuruka, mojawapo ikiwa ya kukojoza, na mashine bado inasoma zaidi ya 140 kwa 90, usikimbilie kuomba dawa kali zaidi. Mara nyingi kinachokwamisha ni chumvi ambayo figo inakataa kuiachia.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya aldosteroni. Homoni hiyo huingia kwenye seli za mirija ya mwisho ya figo na kushikana na kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea. Vikishashikana, vinaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru milango ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, iongezwe. Sodiamu iliyokuwa itoke na mkojo inarudi kwenye damu, maji yanaifuata, na potasiamu inapotea. Ujazo wa damu unaongezeka na presha inapanda.

Kwa kawaida mtu akila chumvi nyingi, aldosteroni hushuka. Kwa wengine kipokezi kinaendelea kuamshwa: tezi yenyewe haitii breki, au uzito umezidi. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hiyo, nayo hukishika kipokezi hichohicho, na imo kwenye damu kwa wingi zaidi. Figo hujikinga kwa kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli isikishike kipokezi. Urukususu, ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye baadhi ya chai za mitishamba, hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo mwenye presha auache kabisa.

Dawa inayoziba kipokezi hiki ni spironolaktoni. Ni ya zamani, lakini mwaka 2015 utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-2 uliilinganisha na dawa nyingine za presha, bisoprololi na doksazosini, kwa wagonjwa ambao dawa tatu hazikuwatosha, na ndiyo iliyoshusha presha zaidi. Daktari huanza na miligramu 25 kwa siku, na huweza kufika 50. Inahitaji wiki kadhaa ndipo nguvu yake yote ionekane, basi usiiache siku ya tano ukidhani haifanyi kazi.

Hatari yake kubwa ni potasiamu kupanda, na potasiamu ikipanda inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila dalili yoyote ya kukuonya. Pima potasiamu na kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki 1 na wiki 4. Potasiamu ikiwa tayari imepita 5.0 (milimoli kwa lita), kwa kawaida dawa haianzwi. Ikipita 5.5 ukiwa unaitumia, daktari hupunguza dozi, ikifika 6.0, inasimamishwa. Ukiwa maabara, usikunje ngumi mara kwa mara wakati wa kutolewa damu, na sampuli isikae muda mrefu kabla ya kupimwa, kwani vyote viwili hutoa jibu la juu lisilo la kweli.

Hatari huongezeka ukiichanganya na dawa nyingine za presha kama losatani au enalaprili, na zaidi ukiongeza diklofenaki au ibuprofeni za maumivu. Chumvi mbadala ya potasiamu haifai kabisa kwa anayetumia dawa hii. Ukiharisha au kutapika sana, mpigie daktari siku hiyohiyo. Mjamzito haitumii. Mwanaume akivimba au kuumwa matiti, aseme mapema, maana ipo eplerenoni, dawa nyingine inayoziba kipokezi hichohicho, ambayo tatizo hilo ni nadra kwake.

Daktari akitaka kipimo cha aldosteroni na renini (kimeng'enya cha figo kinachochochea aldosteroni), kifanyike kabla ya kuanza spironolaktoni. Ukishaianza, kwa kawaida italazimu kuiacha wiki 4 ndipo majibu yaaminike, na kuiacha ni uamuzi wa daktari.

Dawa haifuti chumvi ya jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu mkate, dagaa wa chumvi na vidonge vya mchuzi. Andika tarehe kwenye pakiti mpya ya chumvi. Nyumba ya watu wazima wanne ikimaliza nusu kilo kabla ya siku 25, imeshavuka kiwango hata bila kuhesabu hivyo vingine.

Hapa duka la dawa, spironolaktoni hatuitoi bila cheti cha daktari. Njoo nacho, pamoja na majibu ya potasiamu ya karibuni na orodha ya kila unachomeza, mitishamba ikiwemo.