Kipimo cha kingamwili hakisemi kama kichocho ni kipya

Mhariri,

Ndugu yangu mdogo huosha magari ufuoni hapa Kisumu. Kutwa nzima husimama ziwani, maji yakimfika magotini, na konokono wanaoeneza minyoo ya kichocho wamo humo humo. Mwaka jana tumbo lilipomsumbua alikwenda maabara moja ya kibinafsi, akatolewa damu, akarudi na karatasi: kichocho, chanya. Akameza dawa. Baada ya miezi minne akapimwa tena, chanya. Akameza tena. Mara ya tatu, chanya vile vile. Alikunja karatasi zote tatu ndani ya mfuko wa plastiki, akaniletea pale ninapouzia samaki, akaniambia, "Dada, dawa imenikataa."

Nilizisoma moja moja. Pembeni, kwa maandishi madogo, palisema kilichopimwa ni kingamwili. Hakuna aliyemweleza maana yake.

Kingamwili hutengenezwa na mwili wenyewe unapovamiwa. Minyoo ikishakufa kwa dawa, kingamwili hubaki damuni hata miaka kadhaa. Kwa hiyo kipimo hicho kinasema tu kwamba minyoo iliwahi kuingia. Kama ni juzi au ulipokuwa darasa la tatu, hakijui. Na aliyeambukizwa majuzi tu anaweza kuambiwa yuko salama, kwa sababu kingamwili huchukua wiki 6 hadi 12 ndipo zionekane. Mgeni kutoka Uingereza ambaye hajawahi kukanyaga maji yenye kichocho kabla ya safari yake, akisubiri wiki hizo, kitamfaa sana. Lakini sisi tuliojifunza kuogelea ziwani kabla ya kujua kusoma, wangapi watatoka hasi?

Nilimpeleka kituo cha afya cha umma. Mpimaji alimpa kikopo cha choo kikubwa, akakichuja, akapaka kidogo kwenye kioo na kukiweka chini ya hadubini. Alinionyesha kwenye picha ukutani anachotafuta: yai lenye mwiba ubavuni. Tulirudi siku tatu mfululizo, maana mayai yakiwa machache ni rahisi kuyakosa siku moja. Hakupata hata moja. Kipo pia kipimo cha mkojo, kinachotafuta kile ambacho minyoo hai hutema ndani ya damu, kikatoka na mkojo.

Prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho, siilaumu. Ni dawa nzuri, na watoto wetu wanaopewa shuleni waendelee kuimeza. Ni kweli pia kwamba haiui minyoo michanga, kwa hiyo anayeshinda majini huenda akahitaji kurudia. Ila ndugu yangu alirudia kwa sababu ya karatasi isiyoweza kumwambia kama amepona. Linaloniuma zaidi ni kwamba miezi yote ile hakuna aliyetafuta ugonjwa mwingine. Kumbe alikuwa na vidonda vya tumbo.

Naiomba idara ya afya ya kaunti izitake maabara zinazopima kingamwili za kichocho ziandike mstari mmoja chini ya majibu chanya, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo: "Umewahi kuambukizwa. Kipimo hiki hakionyeshi kama una minyoo sasa." Na kabla damu haijatolewa, mgonjwa aulizwe kama amewahi kutibiwa kichocho, na lini. Ndugu yangu hakuulizwa hata mara moja.

Mchuuzi wa samaki,
Dunga, Kisumu