Shangazi, nimechoka kutiwa moyo

Shangazi, shikamoo na Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwapa, na watoto wangu hawaendi shule. Naanza na hilo kwa sababu ndilo huwafanya watu wakunje uso, basi heri uukunje mapema tuendelee. Wanasoma nyumbani na mwalimu ni mimi. Mkubwa ni msichana wa miaka 10, wa pili mvulana wa miaka 8, na kitinda mimba ana miaka 4, ambaye kazi yake kubwa kwa sasa ni kuficha vifutio vya wenzake.

Hatukuwa na mpango wowote. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mkubwa alikuwa PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Hoteli niliyofanya kazi ya ukarani ikafunga, nikajikuta nyumbani, nikaketi naye mezani tukaanza ba-be-bi-bo-bu. Wanafunzi wote waliporudi shuleni Januari 2021, mume wangu akauliza, sasa tumrudishe ili iweje? Mtoto anasoma, anajua mistari ya Biblia kwa moyo, analala mapema. Kanisani kulikuwa na familia chache zinazotumia vitabu vya ACE, wakatuonyesha, tukaagiza.

Kwa asiyevijua, huo ni mtaala wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970. Kila somo lina vijitabu 12 vya mwaka mzima: Hesabu vya manjano, Kiingereza vyekundu, Sayansi vya buluu. Asubuhi mtoto anajipangia kurasa atakazofanya, akimaliza anakwenda kwenye majibu na kujisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa kijitabu kuna mtihani, na asipofikisha asilimia 80 anarudia. Nakipenda kitu kimoja hapo: mtoto akikwama anakaa palepale hadi aelewe, hakuna darasa linalomwacha nyuma. Ila waliovitunga hawakuwa wakitufikiria sisi wa Mtwapa. Pesa ni nikeli na daimu, sarafu za Marekani, urefu ni inchi na futi. Tulipofika kwenye sarafu nilimwaga zetu mezani, za shilingi 5, 10, 20, na ile ya 40 tuliyoificha kwenye kabati, tukaanza upya. Kiswahili hakimo kabisa. Hicho nafundisha kwa vitabu vya dukani vya CBC, mtaala wa serikali.

Na ni hicho Kiswahili kilichoniamsha. Mwezi wa nane tulikwenda Voi kwa nyanya yao kwa treni ya SGR. Njiani, Tsavo, ndovu walikuwa karibu na reli, wekundu kwa vumbi, watoto wakapiga kelele behewa zima likageuka. Tuliporudi nikamwambia binti yangu aandike insha kuhusu safari ile. Huyu ndiye aliyekuwa ametoka kupata 96 kwenye Kiingereza. Akaniletea hivi: "Tulipanda treni. Tulifika. Tulikula. Tulirudi." Ndovu hawamo. Nyanya hayumo. Nikamuuliza, mbona hivi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hujaweka nafasi za kujaza." Shangazi, sikulala. Miaka yote hii amekuwa akijaza nafasi zilizoachwa wazi, na anazijaza vizuri. Ukimpa ukurasa mtupu hana pa kushika.

Jambo la pili, anataka sweta. Sweta ya shule, yenye beji, Mtwapa hii ambayo hata feni inatoa jasho! Mchana wakicheza, mchezo ni shule: yeye kiranja, kaka yake mwanafunzi. Juzi nilikuta karatasi ameandika orodha ya wapiga kelele. Walikuwemo wadogo zake wawili, na wa tatu "Mama".

Usidhani ni maumivu matupu. Huyu wa miaka 8 alichelewa sana kusoma. Dada yake alisoma akiwa na miaka 5, yeye miaka 7 ikapita herufi b na d bado zinamchezea. Najua kabisa darasani angekwisha kupewa jina. Nyumbani hakuna aliyempa jina. Tulirudia silabi za Kiswahili, tukaacha Kiingereza kando, tukarudia tena. Basi siku moja nakuna nazi, simu ikalia mezani, nikamwambia aniangalizie ni nani. Akaanza, kidole kwenye kioo: "U-me-po-ke-a… Umepokea Ksh 1,500 kutoka kwa…" akasoma jina la baba yake, tarehe, saa, akashuka hadi kwenye salio, akalisoma kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Salio lenyewe lilikuwa la aibu, lakini sikujali. Nilikaa juu ya ile mbuzi ya kukunia nikalia. Hicho ndicho kilichonipa nguvu mwaka huu wote.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Tuna kikundi cha kina mama wanaofundisha nyumbani, tunakutana mara moja kwa mwezi kwa maombi na chai. Ni watu wema, sina ugomvi nao. Lakini pale nikisema nimechoka, naambiwa tusichoke katika kutenda mema. Nikisema Hesabu za mkubwa zimeanza kunishinda, naambiwa nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Ni Neno, silipingi. Lakini pale Paulo alikuwa akizungumzia njaa na kushiba, mimi nilikuwa nauliza kuhusu desimali. Kila nikipeleka swali narudi na mstari, kisha nakumbatiwa, na baada ya kukumbatiwa huwezi tena kusema kwamba swali lako bado lipo. Mwezi uliopita mmoja wao alinishika mkono tukiwa steji tukingoja matatu, akaninong'oneza kwamba watoto wake wawili amewapeleka shule tangu Mei. Akaniomba nisimwambie mtu. Alikuwa ndani ya maombi yaleyale, na alikuwa amesema "Amina" kwa sauti kunishinda.

Upande wa pili yuko mama mkwe, mwalimu mstaafu, aliyeshika chaki maisha yake yote. Yeye naye ana Biblia yake. Ananiambia, "Hana alimwomba Mungu mtoto, akampata, akampeleka kwa Eli afundishwe. Wewe umemzidi Hana?" Nilimjibu kwa adabu kwamba Samweli alikuwa mtoto mwema lakini wana wa Eli mwenyewe walikuwa hawafai, kwa hiyo sijui kama shule ya Eli ni ya kusifiwa. Alicheka, ila hakunisalimia vizuri wiki nzima.

Kuna pia sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Mzee wa mtaa anatujua na hatusumbui, lakini kila kampeni ya kurudisha watoto shuleni ikitangazwa, mimi ndiye ninayewaambia watoto wasicheze nje asubuhi. Mume wangu anasema watoto wetu wanasoma, hatujavunja lolote. Labda. Lakini yeye yuko bandarini saa hizo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda shule moja ya msingi hapa karibu, peke yangu, kuuliza tu. Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alinieleza kwamba mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 unabeba asilimia 40 tu; asilimia 60 zinatoka kwenye tathmini za shuleni, 20 za Gredi ya 4, 20 za Gredi ya 5 na 20 za Gredi ya 6, na shule ndiyo inayozipeleka Baraza la Mitihani. Halafu KPSEA yenyewe inahesabiwa tena, asilimia 20, mtoto akimaliza Gredi ya 9 na kupangiwa shule ya upili. Binti yangu umri wake ni wa Gredi ya 4 mwaka huu. Akaniambia, "Mama, ukimleta Januari aingie Gredi ya 5, tutamfanyia mpango. Ukimleta Gredi ya 6, alama za nyuma nitazitoa wapi?" Hata namba ya UPI, ile ya kumtambulisha mwanafunzi serikalini, hana. Njia nyingine ni kukaa nje ya mfumo moja kwa moja na kufanya IGCSE, mtihani wa kimataifa wa Uingereza, kama mtahiniwa wa kibinafsi huko mbele. Wapo wanaofanya hivyo, lakini ada yake hulipwa somo kwa somo, na mshahara wetu ni ule uliousikia kwenye salio.

Mume wangu bado sijamwambia kwamba nilikwenda. Si mkali, wala si mtu wa kukataa kusikiliza. Tatizo ni kwamba kwake jambo hili limekuwa la imani. Nguzo yake ni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi. Inaniambia niwafundishe maneno ya Mungu, na hilo sitaliacha hata wakisoma shule gani. Jioni tupo, Jumapili tupo, njiani tupo. Sioni mahali inaposema mtu mwingine asimfundishe mwanangu kuandika insha. Lakini nikifikiria kumwambia hivyo najua atakachojibu: tufunge siku tatu tuombe. Tutafunga, tutaomba, na siku ya nne nitaamka saa kumi na moja kupanga vijitabu.

Ninavyofikiria mimi ni hivi: mkubwa aende shule Januari, huyu wa kati abaki nami mwaka mmoja zaidi hadi kusoma kwake kukomae. Kina mama wa kikundi wakisikia watasema nimegawanya nyumba. Mama mkwe atasema kama shule ni nzuri kwa mmoja ni nzuri kwa wote. Na mimi mwenyewe najiuliza kama binti yangu ataona amefukuzwa, au ndugu yake ataona amefichwa.

Kwa hiyo, Shangazi, sikuandikii unitie moyo. Hao ninao wa kutosha. Nakuuliza wewe usiyepata wala kupoteza chochote nikiendelea au nikiacha. Kuna mzazi unayemjua aliyegawa hivi, mmoja shule mwingine nyumbani, na ndugu wakabaki ndugu? Uchovu huu wangu, nitajuaje kama ni wa kawaida wa kazi yoyote nzito au ni dalili kwamba kazi imenizidi kimo? Na mume wangu nimwanzie wapi: kwa ile insha ya sentensi nne, au kwa hesabu za asilimia 60? Mwalimu mkuu ametupa hadi wiki ya kufunga shule tumpe jibu, na mume wangu wiki hiyo yuko zamu ya usiku.

Mama wa watatu, Mtwapa