Vipimo vya Mto Msimbazi vitolewe pamoja na kiasi cha maji

Mhariri,

Taarifa nyingi kuhusu uchafuzi wa Mto Msimbazi hutaja kiasi cha naitrojeni, fosfati au bakteria wa kinyesi, lakini mara chache hueleza sampuli ilichotwa siku gani na mto ulikuwa ukipitisha maji kiasi gani saa hiyo. Upungufu huo si mdogo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wakati wa kiangazi, mto ukipitisha mita 1 ya ujazo kwa sekunde, yenye miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, baharini huingia gramu 10 kila sekunde. Masika, mto huohuo ukipitisha mita za ujazo 20 na kipimo kikashuka hadi miligramu 2, msomaji atadhani maji yamesafika, ilhali zinazoingia baharini sasa ni gramu 40.

Kwa bakteria, hata huo unafuu wa kwenye karatasi huenda usionekane, kwa sababu mvua za mwanzo husomba kinyesi kutoka mitaroni na, kama wajuavyo wakazi wa mabondeni, ndipo baadhi ya watu hutapisha vyoo vyao. Anayechota sampuli siku kavu hakutani na hayo. Tena sampuli hiyo inatakiwa ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, itunzwe kwenye ubaridi na ifike maabara mapema, isipite saa 24. Ikishinda kwenye gari lenye joto katika foleni ya Barabara ya Mandela, majibu yake hayana maana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka ukomo wa bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100 za maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi. Mchicha wa bondeni unaomwagiliwa maji ya mto huu hupikwa, ni kweli, lakini mikono inayoufunga mafungu haipikwi.

Naiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipime juu na chini ya Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ikiwemo siku za mvua kubwa, na itangaze kila kipimo pamoja na tarehe, saa na kiasi cha maji. Karibu na Daraja la Salenda iandikwe pia kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, maana bahari ikipanda mtoni, chupa huchota mchanganyiko wa maji ya mto na ya chumvi.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam