Chapisheni msimamo wote wa gofu, si bingwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wetu wanaocheza gofu ya kulipwa katika mashindano ya kukuza wachezaji. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na mpwa wangu ni mmoja wao. Alianza akiwa kedi Dar es Salaam, akibeba mifuko ya wenye fimbo, mpaka akafika kucheza msimu wa Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu kule Kenya.

Timu ya soka ya Namungo ikitoka sare pale Ruangwa, gazeti lako linaniambia iko nafasi ya ngapi, ina pointi ngapi na nani kaonyeshwa kadi. Kwenye gofu mnaandika jina la bingwa na mikwaju aliyopiga, basi. Msimu ule mpwa wangu hakutajwa hata mara moja, na hadi leo majirani wananiuliza kama kweli anacheza.

Anacheza. Shindano ni siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku ya pili unapita mchujo, wanabaki wenye mikwaju michache. Anayebaki nje anafungasha bila hata shilingi, na hapo ada ya kushiriki, nauli, chumba na ujira wa kedi keshalipa. Kuna jioni alinipigia simu akiwa mbele ya ubao wa matokeo. Alikuwa amemaliza mapema, akawa anawahesabu wenzake wanavyoingia, na mpaka wakati huo alikuwa ndani. Kundi la mwisho likarudi na alama nzuri, mstari wa mchujo ukasogea, akachujwa kwa mkwaju mmoja. "Mjomba," akaniambia, "shimo la 16 mpira uligota ukingoni kabisa. Nikangoja zile sekunde 10 za kanuni, haukuanguka." Malipo ya korosho yalipoingia benki nilimtumia nauli ya shindano lililofuata. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, sina la kujutia.

Mhariri, ngazi hii ina uzito wake. Kenya Open yenyewe, shindano kubwa la gofu kule Kenya, ilikuwa chini ya Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya, kuanzia 1991 hadi 2018, ndipo mwaka 2019 ikapandishwa daraja la kwanza. Trevor Immelman wa Afrika Kusini aliishinda mwaka 2000, na mwaka 2008 akavishwa koti la kijani la bingwa wa Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, kule Marekani. Kwenye Safari Tour matokeo yalikuwa yanajumlishwa shindano kwa shindano, na waliomaliza juu walipata nafasi ya kucheza Kenya Open pamoja na wachezaji wa Ulaya. Kwa hiyo kijana anayepanda kutoka nafasi ya 25 hadi ya 12 ni habari kamili, hata kama hajabeba kikombe. Na mfadhili atamjuaje mtu ambaye jina lake halijawahi kuchapwa?

Ninachoomba ni jedwali moja kila baada ya shindano: Watanzania wote walioshiriki, mikwaju ya kila siku na nafasi zao katika msimu. Waliochujwa nao waandikeni, na alama zao za siku mbili. Mkilitoa, nitalikata na kulibandika ofisini kwa chama chetu cha msingi, kando ya bei za mnada, majirani wasome wenyewe.

Mjomba wa mchezaji,
Newala, Mtwara